Micah Kiprugut, Aliyenywesha Udongo wa Lanet

Marehemu Micah Kiprugut, ndugu yangu mdogo, alizaliwa Elburgon mwaka wa 1916. Hapana, huo ni wangu. Yeye ni 1918, mwaka wa ile homa kubwa, na mama alikuwa akisema alimzaa huku akikohoa.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, akaweza kusoma Injili. Baba akahitaji mtu wa ng'ombe, masomo yakaishia hapo. Mimi niliishia la kwanza, kwa hivyo mnivumilie.

Mwaka wa 1941 alimwoa Chepkemei, huyu aliyeketi hapa, wakahamia shamba hili la Lanet kama vibarua.

Mwaka wa 1953 aliandikwa kazi na mzungu wa udongo, aliyekuwa akipima vile ardhi inashika maji na kuyapitisha, ili Afrika yote ichorwe kwenye ramani moja. Micah aligongomea duara la chuma ardhini, akalijaza maji, wakatazama yakizama. Udongo wa hapa mnaujua, unakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Maji yaliletwa kwa lori kutoka mjini, na akina mama walipita hapo na madebe matupu wakienda bwawa la ng'ombe. Wakamwita Mnywesha-mchwa. Alicheka nao, lakini hakuwapa hata kikombe. Mkewe pia alimwomba.

"Baba Zeddy, debe moja tu."

"Ngoja, Mama Zeddy. Ramani ikiisha, watajua mahali pa kutuchimbia kisima."

Sijui nani alimwambia hivyo.

Ramani ilikuja mwaka jana, ikatandazwa juu ya gari. Micah aliomba aonyeshwe Lanet. Mzungu akaweka kidole, na kidole kikafunika toka Nakuru mpaka Naivasha, yote rangi moja. Akasema kazi yake haikuwa ya visima. Micah alirudi nyumbani, akavua viatu vya kazi, hakuvivaa tena.

Januari alishikwa na homa ya matumbo. Daktari alisema ni maji ya bwawa. Alifariki Nakuru tarehe 7 Februari 1957.

Ameacha mjane, Chepkemei. Watoto wake Zeddy, Kimutai na Rebeka. Na mimi, Kipsang. Bwana ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.

Mzungu alikuja jana kutoa pole, nikamshukuru. Nilimwuliza jambo moja kwa upole, akatazama kofia yake, akaenda. Nikamwuliza karani wa shamba, kisha mzee wa kanisa. Karani akarudia daftari lake, mzee akafungua Injili, na chai yenu ya leo Mama Zeddy ameipika kwa maji ya bwawa. Niliwauliza hivi: Micah alimwaga maji yote yale ili mjue, sasa sisi tuchimbe wapi?