Fundi Lebo na Bango la Mita Sita

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Lebo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alikuja kabla ya siku zake. Mama alikuwa akisema tangu hapo hakuwahi kusubiri ruhusa ya mtu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Mwalimu wa ushonaji alimrudishia shati mara tatu kwa sababu ya ukosi. Lilipokubaliwa, akadarizi jina lake kwa ndani, na ugonjwa huo haukumtoka tena.

Mwaka 1973 alifungua chumba chake cha kushonea, jirani na mpiga chapa. Hakuna nguo iliyotoka mle bila kipande chekundu, upana wa kidole, chenye maneno: "Fundi ni mimi." Mteja asiyetaka lebo alionyeshwa mlango. Tusidanganyane, alikuwa mkali! Mwaka 1976 aliolewa na dereva wa malori, na suti ya bwana harusi nayo ilikuwa na lebo.

Tarehe 12 Juni 1998 mpiga chapa alichukuliwa dukani na watu wasiojitambulisha. Siku arobaini zikapita, hajulikani alipo. Fundi Lebo akakata mita sita za kitambaa cheupe, akashonea herufi za buluu: MFIKISHENI MAHAKAMANI. Tukaandamana, watu zaidi ya mia tatu, tukatawanywa kwa mabomu ya machozi, bango likachukuliwa. Kesho yake gazeti liliandika mechi. Redio kimya.

Polisi, lakini, walikuja moja kwa moja mlangoni kwake. Alikuwa ameshona lebo pembeni mwa bango.

"Mke wangu, hata hili?" shemeji akashika kichwa.

"Ulitaka nitoe kazi isiyo na mwenyewe?"

Alikaa rumande siku kumi na moja. Siku ya tisa mpiga chapa aliachiwa bila maelezo.

Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, alikwenda kituoni kudai bango lake. Jibu lilikuwa lilelile: "Mama, kwenye daftari hakuna maandamano siku hiyo."

"Basi mwanangu, mimi nililala humu kwa kosa gani?"

Rumande haikumuuma kama jibu hilo. "Nikifa halijarudi," alituambia, "watasema hatukutembea."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anamtuma bintiye kituoni. Tarehe 9 Oktoba 2023 polisi mstaafu, aliyekuwa mtunza stoo, alibisha hodi na mfuko mkononi.

"Niliambiwa nilichome, mama. Nikaona lebo. Sare zangu za shule ulishona wewe."

Dada alilikunjua kitandani, akalikagua mshono kwa mshono huku machozi yakimtoka. Kisha akasema, "K imefumuka. Nipeni sindano." Ilimchukua siku mbili.

Alifariki tarehe 17 Oktoba, asubuhi, bango likiwa miguuni pake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mimi mdogo wake ninayesoma haya, na mpiga chapa, aliyechapa karatasi mlizoshika.

Kitambaa kilichofunika jeneza ni hilo bango. Kama uliambiwa siku ile hakuna aliyetembea, sogea kabla hatujamshusha, uangalie pembeni mwake.

Lala salama, dada. Fundi ni wewe.