Nyasi Mlangoni kwa Bi Verdell

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Corinne Tisdale, mwenyekiti wa bodi ya Shamba la Harrow Bend, wajumbe wa bodi, mchungaji wetu, ndugu na jamaa:

KARIBU

Karibu kwetu. Tunasema kwetu, ingawa lango ni lenu. Wali mwekundu na kamba viko tayari kanisani, haondoki mtu na njaa. Tulipewa dakika chache kabla ya utepe kukatwa na nyumba hizi kufunguliwa kwa watalii. Sentensi za hasira tumezikata wenyewe, na Kaka Isom aliyeziandika bado amenuna pale nyuma.

TULIKOTOKA

Safu hii ya nyumba waliijenga mababu zetu walipokuwa watumwa wa mashamba ya mpunga, hapa hapa Carolina Kusini. Uhuru ulipokuja, wengi hawakuwa na pa kwenda, wakabaki humu humu. Bi Verdell Gadsden, mkubwa wetu kuliko wote, alizaliwa katika nyumba ya mwisho, karibu na mto. Kila Jumamosi mama yake alimpa ufagio wa matawi, afagie uwanja mpaka udongo ung'ae. Kwetu, uwanja wenye watu hauoti nyasi. Nyasi mlangoni ni maficho ya nyoka, tena ni tangazo kwamba waliokuwamo wamekwisha.

SHUKRANI

Mmeezeka mapaa upya, mmenyoosha dohani zilizoinama, na alama za vidole vya watoto watumwa waliofyatua matofali haya hamkuzipiga lipu. Mwenye macho haambiwi tazama. Tunashukuru kwa moyo mmoja.

KINACHOTUUMA

Mafundi wenu walikuta udongo mtupu, wakadhani ni uchakavu, wakapanda nyasi. Walitaka kupapendezesha, hakuna aliyetuuliza. Mwezi uliopita tulimleta Bi Verdell aone. Alisimama ukingoni na ufagio wake, akatuuliza taratibu:

"Kwani tumekufa wote?"

Mlinzi, kwa adabu zake zote, akamwambia, "Samahani bibi, nyasi hazikanyagwi."

"Wala sizikanyagi, mwanangu. Nikanyage kaburi langu ningali hai?"

Tuliumia, na hatufichi. Hajaingia tena tangu siku hiyo. Hata leo yuko garini pale langoni, kioo kimeshushwa ili asikie, ufagio uko mapajani. Ana miaka tisini na tatu, na kifua kinamsumbua.

OMBI

Hatuombi sanamu, wala majina yetu ukutani. Tunaomba nyasi zing'olewe, na kila Jumamosi tufunguliwe lango tuje kufagia wenyewe, kabla ya jua kuzama, maana usiku hatufagii. Mgeni akikuta udongo umefagiwa atajua, bila kuambiwa, kwamba wenyewe tupo.

Mheshimiwa, mkasi wa kukatia utepe uko mezani pako. Sisi tumekuja na jembe, limeegemea pale ngazini. Utepe unaweza kungoja. Bi Verdell hawezi.

Mungu akutie nguvu mikononi, na mlangoni kwako pasiote nyasi kamwe.

Ni sisi,
Wazawa wa Nyumba za Safu, Harrow Bend,
tungalipo.