Viti Viwili vya Mwalimu

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Viti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari, na mwaka 1973 akatoka chuo cha ualimu na cheti, suti moja na viti viwili alivyotengenezewa na baba yake. Kimoja kilikuwa na mguu mfupi. Hakukirudisha.

Alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na miwili. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa darasa la watu wazima, kila Jumamosi saa nne asubuhi, tangu 1977, katika chumba cha juu ya duka la vioo. Wanafunzi walichanganya nyakati mbili za sasa za Kiingereza, ule wa mambo ya mazoea na ule wa jambo linaloendelea. Kanuni hakuandika ubaoni, aliweka viti. Ukikaa kile cha mguu mfupi, unataja ufanyalo siku zote. Ukikaa cha pili, lile tu unalolifanya dakika hiyo. Dereva mmoja alikaa cha pili, akajigamba kwamba anaendesha basi.

"Usukani uko wapi, bwana?" Mwalimu akamuuliza. "Piga breki, utatugonga!"

Dereva akafikiri. "Basi, najikuna kichwa."

"Hapo umefika kituoni."

Kiti hicho cha pili ndicho kilichompatia mke. Fundi cherehani mmoja, alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba anamsubiri mwalimu amalize kumtazama. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, wakajaliwa binti mmoja.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, na Aprili akalazwa. Maumivu hakuyalalamikia, alilalamikia darasa, nani atalishika. Binti yake, muuza vipuri, Kiingereza anakimudu, ila darasa alilikwepa tangu utoto.

"Nishikie mwaka," Mwalimu akamwambia.

"Mwezi, baba. Nina duka."

"Miezi sita."

"Mitatu, na usiongeze neno."

"Haya, nimekubali," akasema, upesi mno kwa mtu aliyepunjwa.

Tarehe 1 Juni, binti aliingia wodini na vumbi la chaki mkononi na kiti begani.

"Dada, viti tunavyo," muuguzi akamwambia.

"Hiki kina kazi yake, sista."

Akakiweka kando ya kitanda, akakaa, kikayumba. Kilikuwa kile cha mambo ya siku zote. Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza anafanya kazi gani.

"Nauza vipuri," akajibu, kwa Kiingereza pia. Akajifuta chaki kwenye sketi. "Na nafundisha."

"Tangu lini?"

"Baba, usianze."

"Mimi? Sijasema kitu."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Hakuuliza tena habari za darasa. Alifariki dunia tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili na mdogo wake wa kiume. Darasa lipo Jumamosi hii saa nne, kama siku zote. Mtakaotangulia kufika, ule mguu mfupi msiurekebishe.

Mwalimu wetu, pumzika sasa kwa amani.