Kadi ya Yotamu Filemoni wa Ilula

Ndugu zetu mliofika, mchungaji, wazee wa hapa Ilula na ninyi mliosafiri kutoka Rujewa, haya ni maisha ya Yotamu Filemoni, yameandikwa kwa mkono wa dada yake Damari, na ndiye anayeyasoma mbele yenu, mumvumilie akienda polepole.

Marehemu alizaliwa Ilula tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Filemoni. Mwaka 1947 alianza shule, akafika darasa la pili, akatolewa akachunge mbuzi, lakini herufi alikuwa ameshazishika, kwa hiyo nyumba nzima ile msomaji alikuwa yeye tu, na alichosema kimeandikwa ndicho kilichoaminiwa.

Mwaka 1961 alihamia Rujewa kulima mpunga, na huko tarehe 8 Agosti 1964 akafunga ndoa na Lusia, wakajaliwa watoto wawili, Edmund na Juliana. Mwaka 1972 akapata kibarua kwenye ujenzi wa reli, akapanga chumba Iyunga, akawa anabeba mataruma begani kama mtu anayebeba kuni, mpaka wenzake wakamwita Winchi.

Juni 1975 alianza kutema damu, akalazwa Mbeya miezi miwili kwa kifua kikuu, akachomwa sindano kila siku, akaruhusiwa na vidonge na kadi ya hospitali, akaja na familia yake kukaa kwa dada yake hapa Ilula. Pale nyumbani walimtengea kikombe chake cha bati, kwa kuogopa, na watu waliokuja kwa Damari kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, wakakiona, wakajisogeza mbali naye kwenye benchi, wakamtania kwamba winchi imeshika kutu. Alicheka nao, ila tangu siku hiyo akawa anakaa peke yake nyuma ya nyumba.

Januari 1976, mianzi inatoa ulanzi vizuri, alitoka na kadi yake, akasimama mbele ya wanywaji, akawasomea kwamba amepona, amemaliza dawa, ale na anywe na watu wote. Damari alifurahi mno, akampa kikombe chake mwenyewe, marehemu akanywa, akajaziwa tena, na kuanzia hapo akawa anakunywa kila siku.

Mwezi Machi akaanza kuitwa. Alisema kuna watu wanamwita kutoka kwenye mianzi ya baba, akawa anawajibu huku anakula, anaziba masikio kwa majani, na asubuhi moja ya Mei akashika panga, akaifyeka mianzi yote mpaka chini, akaikalia anatetemeka, anasema bado wanaita. Watu wakasema karogwa, akapelekwa kwa waganga wawili, na kukohoa kukazidi.

Wakati huo Damari alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima kwa mwalimu Silvester. Tarehe 21 Agosti alikuwa anafua koti la marehemu, akaikuta kadi mfukoni, akakaa chini, akaisoma kwa kidole, neno moja moja, nayo ilisema mgonjwa arudi kila mwezi kwa mwaka mzima, asinywe pombe kabisa, na visanduku vya tarehe vilikuwa vitupu tangu Novemba. Akamfuata, akamwuliza kwa nini alisoma yasiyoandikwa.

"Dada, siku ile ulinipa kikombe chako mwenyewe," akamjibu. "Ningekwambiaje?"

Kesho yake alipelekwa hospitali Iringa, madaktari wakasema kifua na akili vyote vilikuwa vinaumwa siku nyingi, na pombe ilivilisha vyote viwili. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1976, ana miaka thelathini na minane.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliombeba mpaka barabarani, vibarua wenzake wa Iyunga, na muuguzi aliyetueleza kwamba ugonjwa huu unapita kwa pumzi, kile kikombe cha bati hakikumkinga mtu yeyote.

Mianzi aliyoifyeka imeshachipua, mvua zinakaribia, na tangu usomaji huu uanze kuna watu wanakohoa hapa wakiziba midomo kwa nguo, Damari anawasikia. Mwenye kadi aje nayo, atasomewa yote yaliyoandikwa, na kwenye benchi hakuna atakayejisogeza.

Yotamu, mdogo wake Damari, kadi yako imesomwa. Pumzika kwa amani.