Shimo la Kamyo

Ndugu zangu wa chama, mukae vizuri, maana anguko langu mi lina urefu wa kamyo na trela yake.

Depo yangu, ile ghala ya kupangisha, munaijua, kule Kibenga karibu na ziwa. Niliijenga kwa mukopo wa banki, nyumba yetu ya Carama ikawa rehani. Sasa, depo ya maana inataka jukwaa la kupakulia, sakafu iliyoinuka ilingane na kitanda cha kamyo. Kuinua sakafu kunakula mawe mlima mzima. Mi nikasema, nimesoma shule ya usiku mpaka diploma, nitashindwa na sakafu? Badala ya kuinua depo, nikateremsha kamyo. Nikachimba shimo mbele ya mlango, kamyo irudi nyuma, ishuke humo.

Bibi yangu, mama wa watoto, alisimama ukingoni. "Papa, kamyo itapanda itoke. Maji ya mvua yatapanda na nini?"

Nikamujibu mvua haina diploma.

Ikanyesha. Nawaambia, shimo lilijaa hata viboko wa ziwani wakaja kuulizia kodi. Mufanyabiashara aliyeniahidi kupanga akatazama, akapeleka sukari yake kwingine. Nikakimbilia banki waniongezee, nifukie shimo na kuinua sakafu. Bwana wao wa kukadiria majengo akaja, suruali kaikunja magotini. Akasema polepole, "Mzee, mvua ikinyesha hapa hapapakuliwi kitu. Hakuna mupangaji. Mukopo utalipwa na nini?"

Nyumba ikaenda.

Tukahamia ndani ya depo, watoto wakalala juu ya magunia matupu. Maji yalikuwa yanapiga ukuta, na mi, muongeaji huyu, niliacha hata kusali.

Ndipo Jumamosi moja, baada ya kazi za pamoja za kata, mukafika na majembe. Hamukuniuliza kitu. Mama mumoja, yuko hapa mbele, alibeba udongo kwa beseni lake la kuuzia samaki, ndagala.

Shimo limefukiwa. Jukwaa apana, bado. Vigari vidogo vinaleta vitunguu, wapakuzi wanainama mpaka migongo inalia. Nyumba hairudi, na banki haitaki kuniona. Sisemi nimepona, ndugu zangu. Nasema tu sizami.

Asanteni kwa ule udongo. Na wewe unayetaka kujenga, nenda kwanza usimame kiwanjani mvua ikinyesha, na bibi yako pembeni. Swali la banki, wangu alikuwa ameshaniuliza, tena bure.