Madirisha ya Usiku

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya basi, lakini masikio yote aliyapeleka kiti cha mbele, ambako mchoraji wa majengo alikuwa akimlilia shida zake mzee asiyemjua.

"Baba, ofisi nimeichora ijipoze yenyewe. Madirisha yakiachwa wazi usiku, kuta zinakunywa baridi, na mchana watu wanafanya kazi bila jasho. Ajabu, wanalowa kama wamenyeshewa! Kesho bosi akikuta joto lilelile, ananunua mashine za kupoza hewa, na jina langu limekwisha. Leo nakwenda kulala humohumo nimjue mchawi wangu."

"Jengo lipi, binti yangu?"

"Lile la vigae vyekundu, kando ya posta."

Mzee akakohoa kikohozi kisicho na mafua. "Mlinzi wa pale ni mimi. Kila jioni nayafunga yote. Hata mbu hapati upenyo."

"Kumbe ni wewe!"

"Usinitolee macho. Mwizi akipita dirishani, utanilindia kazi yangu?"

"Na yakifungwa, wewe utanilindia yangu?"

Fundi alitamani njia irefuke, lakini basi likasimama. Wakashuka wote wawili, mwenye kufungua na mwenye kufunga, wakaelekea geti moja, kila mmoja akiharakisha amtangulie mwenzake.