Wageni wa Mama Nuruddin

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Bi Zamoyoni Abdulwahab, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1961 mjini Shinyanga, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaolewa mwaka 1980 na marehemu Mzee Kitwana, wakajaliwa mtoto mmoja, Nuruddin.

Mwaka 1998 alihamia Geita, akawa mama lishe machimboni, na waliokula kwake wanajua ulimi wake haukuwa na breki.

Mwaka 2016 alimpokea nyumbani Bi Bernadina, Mkristo, aliyekimbia kijiji cha Samuye baada ya kuitwa mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu, na ambaye wanawe wawili walifukiwa na duara, shimo la machimbo, wakichimba dhahabu, hawajatolewa hadi leo. Kila magharibi Bernadina aliwapakulia wanawe hao chakula na kuzungumza nao, majirani wakaacha kupita uani, lakini marehemu aliketi naye, akauliza, "Wageni wetu wanaitwa nani?" Yeye mwenyewe hakuyaamini hayo, na alisema waziwazi, ila alisema pia kwamba huwezi kumjua mtu huku umempa kisogo.

Nuruddin aliona ni ushirikina, mwaka 2019 akamtaka mama achague kati yake na yule bibi, mama akakataa kuchagua, naye akaenda Kahama, asikanyage hapa miaka sita, jambo lililomuuma mama kuliko maradhi yoyote.

Januari 2025 marehemu aliugua figo, na Nuruddin akarudi kumuuguza. Jioni ya tarehe 3 Juni, akiwa amemshika mkono, alimsikia mama akimwambia mtu upande wa pili wa mkeka ale taratibu, kisha mama akamgeukia Bernadina, "Huyu mdogo mbona anakula kwa kushoto?" Bernadina alilia sana, kwani ndivyo alivyokuwa akila mwanawe mdogo, wala hakuwahi kumwambia mtu. Nuruddin alitazama pale, hakuona kitu, ila ugali waliopakuliwa wageni ulikuwa umemegwa.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 5 Juni, akiwa ameacha wosia mmoja tu, Bernadina asifukuzwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa machimboni, na majirani wote, pamoja na wale waliokuja jana kumtaka Nuruddin amtoe bibi kabla ya maziko, ambao aliwajibu kwamba bibi hatoki, na mwenye hofu naye aje akae, amuulize mwenyewe.

Mama Nuruddin, bibi huyu sasa ana mwana. Pumzika kwa amani.